Kutoka Karatasi Iliyokunjwa hadi Programu ya Kompyuta: Historia ya Kupima Hesi za Protini

0. Utangulizi

Makala haya yanahusu historia ya kitu kidogo mno kisichoonekana kwa macho, lakini ambacho kimewashughulisha wanafizikia, wanakemia na wanahisabati kwa zaidi ya miaka sabini: umbo la hesi katika protini, na namna ya kulipima. Msomaji wa jarida la taaluma za Kiswahili ana haki ya kuuliza jambo hili linatuhusu nini sisi tulio watu wa lugha. Linatuhusu kwa sababu ugumu wake mkubwa haukuwa katika vyombo wala katika hesabu, bali katika maana ya maneno. Kompyuta haiwezi kupima kitu ambacho mtu hajakifafanua. Kabla ya kuiuliza kama hesi fulani imenyooka au imepinda, lazima kwanza mtu aseme kunyooka ni nini, kupinda huanzia wapi, na mhimili wa kitu kisicho na mhimili unaoonekana upitishwe wapi. Tutaona kwamba kila mara wataalamu walipobadilisha fafanuzi zao, vitu vilivyokuwapo siku zote vilianza kuonekana.

Neno lenyewe, hesi, tunalitumia hapa kwa maana ya mkato wa parafujo, yaani mstari unaozunguka huku ukisonga mbele. Mmea utambaao hujizungusha hivyo kwenye shina la mti. Ili kuieleza hesi kamili, namba chache zinatosha: nusu kipenyo chake, kiasi inachopanda kwa kila hatua, pembe inayozunguka kwa kila hatua, na upande inakoelekea kuzunguka, kulia au kushoto. Protini nazo ni minyororo ya asidi amino, na katika sehemu nyingi mnyororo hujiviringisha kwa umbo hili. Katika hesi iitwayo alfa, kila kiungo cha mnyororo hupanda angstromu 1,5 na kuzunguka karibu digrii 100, hata viungo 3,6 vikamalize mzunguko mmoja wenye kimo cha angstromu 5,4. Angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita.

1. Karatasi, na namba isiyo kamili

Mwaka 1948 Linus Pauling, mwanakemia wa Taasisi ya Teknolojia ya California, alikuwa profesa mgeni katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Akashikwa na mafua, akalala kitandani siku kadhaa. Alipochoka kusoma riwaya za upelelezi, alichora mnyororo wa asidi amino kwenye karatasi, kisha akaanza kuikunja karatasi ile. Alichunga sharti moja ambalo kemia ilikuwa imemfundisha: kwamba muungo wa peptidi, unaoshikamanisha kiungo na kiungo, ni bapa na haukubali kusokotwa. Alitafuta mkunjo ambao ungeruhusu kila hidrojeni ya kikundi cha NH kutazamana na oksijeni ya kiungo kingine mbele yake, ili vifungo vya hidrojeni viishikilie hesi isifumuke. Mkunjo huo aliupata. Hata hivyo, kimo cha mzunguko wake kilikaribia angstromu 5,4, ilhali picha za eksirei za nywele na sufu, ambazo William Astbury wa Leeds alikuwa amezipiga tangu miaka ya 1930, zilionyesha alama kwenye angstromu 5,1. Kwa tofauti hiyo ndogo Pauling aliiweka hesi yake kando kwa muda mrefu, asiitangaze.

Huko Cambridge, Lawrence Bragg, John Kendrew na Max Perutz walikuwa wakitafuta kitu hicho hicho. Mwaka 1950 walichapisha makala yaliyoorodhesha maumbo mengi ambayo mnyororo wa protini ungeweza kuyachukua, na hesi ya kweli haikuwamo. Walikosea mambo mawili. Hawakulichunga lile sharti la ubapa wa muungo wa peptidi. Na, jambo linalotuhusu zaidi hapa, walidhani kwamba idadi ya viungo katika mzunguko mmoja lazima iwe namba kamili, mathalani mitatu au minne. Dhana hiyo ilitoka katika elimu ya fuwele, ambamo ulinganifu daima huhesabiwa kwa namba kamili. Hakuna aliyewalazimisha kuifuata. Waliichukua tu kama mtu anavyochukua desturi ya nyumbani kwenda nayo ugenini.

Pauling hakuwa amefungwa na desturi hiyo, lakini hakuitoa hesi yake peke yake. Baada ya kurudi California alimpa kazi mwanafizikia Herman Branson, Mmarekani mweusi aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Howard na ambaye alikuwa amekuja pale kwa likizo ya utafiti. Branson aliombwa atafute kwa hisabati hesi zote zinazotimiza masharti ya kemia: ubapa wa muungo, urefu sahihi wa vifungo, na kila NH kupata oksijeni yake. Baada ya kazi ndefu zilibaki mbili, moja yenye takriban viungo 3,7 kwa mzunguko na nyingine yenye 5,1. Ya kwanza ndiyo hesi alfa. Makala ya Pauling, Robert Corey na Branson yalitoka mwaka 1951, na namba 3,7 baadaye ikarekebishwa kuwa 3,6. Katika masimulizi mengi husemwa habari ya karatasi ya kitandani, na Branson hutajwa kwa jina tu au hasahauliki bali haelezwi. Yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, alilalamika kwa barua kwamba mchango wake haukupewa uzito uliostahili. Sisi tunaona kwamba, kwa kadiri historia ya kupima inavyohusika, Branson anasimama mwanzoni kabisa: alikuwa wa kwanza kuligeuza swali la umbo kuwa swali la hesabu lenye masharti yaliyotajwa wazi, jambo ambalo kila programu tutakayoieleza hapa chini inalifanya hadi leo.

Perutz alipoyasoma makala yale aliona mara moja kwamba, ikiwa kila kiungo hupanda angstromu 1,5, basi picha ya eksirei lazima iwe na alama kwenye angstromu 1,5, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepatazama kwa sababu vyombo havikuelekezwa huko. Akauchukua unywele wa mkia wa farasi, akauinamisha mbele ya miale kwa pembe iliyohitajika, na alama ikatokea. Ilikuwa imo katika kila unywele uliowahi kupigwa picha. Ile tofauti kati ya 5,4 na 5,1 nayo ikapata maelezo: Francis Crick, na Pauling kwa upande wake, walionyesha kwamba katika nywele hesi zenyewe zimesokotana kama nyuzi za kamba, kwa hiyo kila hesi imeinama kidogo, na kimo chake kikitazamwa kutoka upande huonekana kimepungua. Tuongeze, kwa kuwa wakubwa nao hukosea, kwamba mchoro wa hesi alfa uliochapishwa mwaka 1951 ulionyesha hesi inayozunguka kushoto. Zile za protini huzunguka kulia.

2. Msitu wa fito

Hadi hapo hesi ilikuwa ni wazo. Haikuwa imeonekana ndani ya protini yenye umbo lake kamili hadi Kendrew na wenzake walipoifikia mayoglobini ya nyangumi. Picha ya kwanza, ya mwaka 1958, ilikuwa hafifu: hesi zilionekana kama fimbo nene zilizopindana bila mpangilio, na wengi walisikitika kwa jinsi zilivyokosa uzuri waliouzoea katika fuwele. Mwaka 1960 ilipatikana picha ya angstromu 2. Hesabu zake zilifanywa kwa kompyuta ya EDSAC ya Cambridge na ile iliyoifuata, nayo ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa ambazo biolojia iliikabidhi mashine. Ili kulijenga umbo lililopatikana, walisimamisha fito za chuma zipatazo 2500, wakazibandika vibanio vya rangi kuonyesha mahali penye elektroni nyingi, kisha wakaupenyeza mnyororo wa atomu katikati ya msitu huo. Zilikutwa hesi nane, zote za kulia, zikichukua takriban robo tatu ya mnyororo.

Katika msitu ule hesi ilipimwa kwa jicho na rula. Mjenzi aliamua inaanzia kiungo gani na kuishia wapi, na mjenzi mwingine angeweza kuamua vinginevyo. Kwa protini moja au mbili hapakuwa na madhara makubwa. Mwaka 1971 ilipoanzishwa Benki ya Data za Protini huko Brookhaven, Marekani, ilikuwa na maumbo yasiyozidi kumi, na kila mtafiti alijaza mwenyewe orodha ya hesi zake. Maumbo yalipofika makumi, ikadhihirika kwamba hesi za mtafiti huyu haziwezi kulinganishwa na za yule, kwa sababu kila mmoja alitumia neno kwa maana yake.

3. Mhimili usiokuwapo

Jawabu la kwanza lililoenea lilitoka Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1983. Wolfgang Kabsch na Chris Sander waliandika programu iliyoitwa DSSP, ambayo haikutazama umbo kabisa. Ilihesabu nguvu ya kila kifungo cha hidrojeni, ikaweka kizingiti, na ikasema: panapokuwa na vifungo viwili vinavyofuatana, kila kimoja kikiunganisha kiungo na cha nne mbele yake, hapo pana hesi alfa. Vifungo vikirukia kiungo cha tatu, ni hesi nyembamba zaidi, iitwayo 3-10. Vikirukia cha tano, ni hesi nene, iitwayo pai. Fafanuzi hizi zilikuwa kali na zilieleweka. Kwa mara ya kwanza watu wawili katika miji miwili walipata jibu moja.

Lakini DSSP hujibu swali la wapi, si swali la namna gani. Inasema hesi inaanzia kiungo cha 58 na kuishia cha 77, bila kusema kama imenyooka au imepinda. Kwa swali hilo la pili unahitajika mhimili, na mhimili wa hesi hauna atomu hata moja juu yake. Ni mstari wa mawazo. Njia rahisi ni kupitisha mstari mmoja ulionyooka karibu iwezekanavyo na atomu zote. Njia hiyo inafaa kama hesi imenyooka kweli. Hesi ikipinda, ni sawa na kuipima ndizi kwa rula, kwani rula itakupa urefu fulani na kukunyima mkunjo, ambao ndio uliotaka kuujua. Aliyeanza kwa kudhani unyoofu hataona kingine.

Njia bora zaidi ilikuwa imekwisha kuandikwa mwaka 1967 na Wajapani wawili, Sugeta na Miyazawa, waliokuwa wakishughulikia polima kwa ujumla. Inastahili kuelezwa, kwa maana uzuri wake uko katika uchache wa mahitaji yake. Chukua atomu nne za kaboni alfa zinazofuatana, moja ya kila kiungo. Kutoka ya kwanza hadi ya pili chora mshale, hivyo hivyo kutoka ya pili hadi ya tatu, na ya tatu hadi ya nne. Ukitoa mshale wa pili katika wa kwanza, na wa tatu katika wa pili, unapata mishale miwili mipya; na katika hesi kamili mishale hiyo miwili imesimama wima juu ya mhimili, kama tindi za gurudumu juu ya ekseli yake. Pembe iliyo kati yao ndiyo pembe ya mzunguko kwa kila hatua. Mwelekeo uliosimama wima juu ya yote miwili ndio mwelekeo wa mhimili. Ule mshale wa katikati ukipimwa kando ya mhimili hutoa kimo cha hatua. Mwanafunzi mwenye penseli na kikokotoo anaweza kuyafanya haya mezani pake. Kisha hatua hurudiwa: atomu ya kwanza huachwa, ya tano huingizwa, na mhimili mwingine mfupi hupatikana, na kadhalika hadi mwisho wa hesi. Badala ya mhimili mmoja uliolazimishwa kunyooka, tunapata mihimili midogo mingi, na kila mmoja uko huru kuelekea kwake.

Mwaka 1988 David Barlow na Janet Thornton, London, walizipima hesi za protini zilizokuwa zimepatikana hadi wakati huo, wakaonyesha kwamba nyingi zimepinda. Hesi iliyonyooka, ile iliyochorwa katika kila kitabu cha shule, ilikuwa ya wachache. Mwaka uliofuata Peter Kahn alichapisha huko Marekani njia ya wazi ya kuufafanua mhimili wa hesi. Hata hivyo programu iliyotuvutia zaidi ilizaliwa Bangalore, India, na asili yake ni ndefu.

G. N. Ramachandran alianza kazi ya protini mjini Madras. Huko, katikati ya miaka ya 1950, yeye na Gopinath Kartha walieleza umbo la kolajeni, protini ya ngozi na mishipa, kuwa ni hesi tatu zilizosokotana. Mwaka 1963, pamoja na wenzake wawili, alichapisha ramani inayoonyesha pembe ambazo mnyororo wa protini unaweza kuzichukua bila atomu zake kugongana. Ramani hiyo bado hutumika kukagua kila umbo jipya. Baadaye alihamia Taasisi ya Sayansi ya India mjini Bangalore na kuanzisha idara ya biofizikia ya molekuli. Manju Bansal alikuwa mwanafunzi wake katika idara hiyo. Yeye na Sandeep Kumar walichapisha mwaka 1996 na 1998 vipimo vya hesi nyingi za protini, na mwaka 2000, pamoja na R. Velavan, wakaitangaza programu yao kwa jina la HELANAL.

HELANAL iliandikwa kwa lugha ya Fortran. Inahitaji hesi yenye angalau viungo tisa, nayo haiombi kingine ila mahali pa kaboni alfa. Kwa njia ya atomu nne hutafuta mihimili midogo yote, hupima pembe iliyopo kati ya mhimili mmoja na ule ulio hatua tatu mbele, kisha huitazama njia nzima ambayo mihimili hiyo inapita. Je, inafanana zaidi na mstari au na sehemu ya duara? Je, kuna mahali ambapo pembe inaruka ghafula? Kwa majibu hayo hesi hupewa jina: iliyonyooka, iliyopinda, au iliyovunjika. Kuna na jina la nne, kwa hesi zisizokubali kuainishwa. Tunalipenda jina hilo la nne. Ni nadra kwa mashine kuruhusiwa kusema kwamba haikuelewa. Kwa hesi nyingi jibu lilikuwa kama lile la London: zimepinda kidogo kidogo, kama upinde usiovutwa sana.

Programu nyingine zilifuata, mojawapo ikiwa HELFIT ya mwaka 2008, ambayo huitafuta hesi nzima kwa pamoja. Zote hazikubaliani daima, hasa kwenye hesi fupi, kwa maana zinatofautiana katika kufafanua mhimili.

4. Kilichojificha

Je, kuna faida gani kujua kwamba hesi imepinda digrii ishirini? Tutoe mifano miwili, na wa tatu wa kupunguza shauku.

Asidi amino iitwayo prolini haina hidrojeni ya kuingia katika kifungo, na pete yake huisukuma hesi. Ikikaa katikati ya hesi, mara nyingi hesi huvunjika mahali hapo. Katika vipokezi vinavyopenya utando wa seli mara saba, mvunjiko huo ni sehemu ya kazi yenyewe. Kipokezi cha adrenalini cha aina ya beta-2, ambacho ndicho kinacholengwa na dawa ya pumu iitwayo salbutamoli, kina prolini katika hesi yake ya sita. Mwaka 2011 kundi la Brian Kobilka lilichapisha umbo la kipokezi hicho kikiwa kazini, na ncha ya ndani ya hesi ya sita ilikuwa imesogea nje kwa angstromu 14 ikilinganishwa na ilivyokuwa katika mapumziko. Kobilka na Robert Lefkowitz walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012. Anayeipima hesi hiyo kwa mstari mmoja ulionyooka hupata wastani wa sehemu mbili zinazoelekea pande mbili, na wastani huo hauelezi chochote juu ya dawa.

Mfano wa pili ni wa hesi pai. Kwa miongo kadhaa vitabu vilifundisha kwamba hesi hiyo nene ni adimu sana. Sababu moja ilikuwa ndani ya DSSP yenyewe: pale ambapo kiungo kimoja kingeweza kuhesabiwa katika hesi alfa au katika hesi pai, programu ilitanguliza alfa. Mzunguko mmoja wa pai uliochomekwa katikati ya alfa ndefu ulimezwa na jirani zake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walizitafuta upya na kuzikuta katika takriban asilimia 15 ya protini zinazojulikana, mara nyingi karibu na mahali ambapo protini hufanyia kazi yake. Toleo jipya la DSSP liliugeuza utaratibu na kuitanguliza pai. Kwa karibu miaka thelathini sentensi moja katika programu ilikuwa imegeuka kuwa ukweli wa maumbile, na waliouamini hawakuwa wajinga.

Wa tatu unatuhusu hapa Kongo, ambako ugonjwa wa selimundu umeenea katika familia nyingi. Pauling huyo huyo, pamoja na wenzake, ndiye aliyeonyesha mwaka 1949 kwamba chanzo cha ugonjwa huo ni molekuli ya hemoglobini. Baadaye ilijulikana kwamba kiungo cha sita cha mnyororo wa beta, asidi glutamiki, kimechukuliwa na valini. Kiungo hicho kimo mwanzoni mwa hesi ya kwanza kabisa ya mnyororo. Ukiipima hesi hiyo kwa programu yoyote tuliyoitaja, utaikuta karibu kama ilivyo kwa mtu mzima wa afya: haikupinda, haikuvunjika. Kilichobadilika ni uso wake, ambao sasa unanata kwenye molekuli ya jirani pale oksijeni inapopungua. Kipimo cha umbo la uti wa mgongo hakina jicho la kuliona hilo.

Mwaka 2022 hazina ya maumbo yaliyobuniwa na programu ya AlphaFold ilipita milioni 200, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia na David Baker. Hakuna msitu wa fito unaoweza kuyabeba maumbo hayo, wala mtu wa kuyatazama moja moja. Hesabu ya HELANAL nayo imehamishwa kutoka Fortran hadi Python, na imo ndani ya MDAnalysis, mkusanyo wa programu unaotolewa bure, ambamo huzifuata hesi zikicheza na kupinda mbele ya kompyuta hatua kwa hatua. Ndani yake bado huchukua kaboni alfa nne, hutoa mshale katika mshale, kisha huacha ya kwanza na kuingiza ya tano.